Ukingo wa Chini

Programu ya kwanza ilitaka kujua nilipo.
Ya pili ikaomba majina yote yaliyomo simuni,
hata la fundi wa paa, hata la mama mkwe.
Ukingo tu, nikaiambia, nataka ukingo mweupe
kama wa zile picha za zamani zilizotoka kamerani zikiwa tayari!
Nikaifuta.
Masalu akacheka: Mama, unagombana na kioo.

Basi tukafanya wenyewe, hapa Mabatini,
nyumba imekalia jiwe kama kuku juu ya yai,
sakafu imeinama kidogo kuelekea ziwani,
kalamu ukiiacha mezani inakwenda zake.

Karatasi ngumu, nyeupe. Upana sentimita tisa,
kimo kumi na moja. Dirisha, nane kwa nane.
Nusu juu, nusu kila ubavu,
na chini mbili na nusu, ndipo penye maneno.
Masalu akapiga hesabu kiganjani, mara mbili:
nusu, na nane, na mbili na nusu.
Imetimia.

Wembe ni wangu, nikamwambia, na rula ya chuma ni yangu.
Chini tunatandika kalenda ya mwaka jana.
Vidole nyuma ya rula, wembe upite kando, usije tumboni,
mikato mitatu myepesi ni bora kuliko mmoja wa hasira.
Wewe una mkasi wa ncha butu, na gundi:
unga wa muhogo, maji, moto mdogo.
Alikoroga mpaka ikawa nzito kama kamasi
akafurahi mno.

Picha nilizipeleka kwa Ng'washi wa stesheneri, kumi na mbili,
ndani ya flashi isiyo na kitu kingine.
Nikasimama nyuma ya kiti chake hadi alipozifuta.
"Dada Milembe, huniamini?"
"Wewe nakuamini. Mashine yako
inashikwa na watu wangapi kwa siku?"
Akanyamaza. Akalimwaga na kapu la takataka.

Kongoti juu ya paa la soko, Kirumba,
kasimama kama karani aliyeachishwa kazi.
Wadudu wa ziwani, asubuhi ile walipotufungia ndani,
picha nzima chenga, kama televisheni iliyokosa mawimbi.
Masalu na sangara mrefu kuliko mguu wake,
meno mawili hayapo.
Mimi, nimefumba macho.
Mimi tena, nimefumba macho.

Bujiku hayumo.
Nilizipanga zote kitandani, nikazipanga upya,
hayumo.
Siku zote alikuwa upande wa pili wa simu,
anasema sogeeni, sogeeni, jua liko nyuma yenu,
na sisi tunasogea.

Ya kumi na mbili ni gati la Kamanga,
kivuko kimefungua mdomo, pikipiki zinashuka,
na kulia, pembeni kabisa, doa la wekundu,
kama jua limebisha hodi mlango usio wake.
"Hii imeharibika," Masalu akasema.
"Tusogeze dirisha kushoto, halitaonekana."

Nikaisogeza karibu na macho.
Gumba.
Lile lililosajili laini ninayoipigia simu mpaka leo,
lenye ukucha uliopasuliwa na nyundo,
lililonibonyeza shavu nikinuna.

Dirisha nikalisogeza kulia.
Kivuko kikakatika nusu, pikipiki zikabaki na matairi ya nyuma,
gumba likaingia lote.

Hakuuliza. Alipaka uji wake wa muhogo kwenye kona nne,
akakandamiza kwa kidole chake mwenyewe,
akahesabu hadi thelathini, akaruka kumi na saba kama kawaida yake.
Ukingo wa chini ulikuwa mtupu.
Kalamu ikaanza safari yake ya ziwani.
Akaidaka kwenye kona ya meza,
akaandika, ulimi nje, herufi zikipanda mlima:

Baba anapiga picha.